Demo ya Msiba wa Kalisti

Osward alikataliwa mara saba kabla hajamzika binamu yake kwenye kompyuta, na maandishi ya msiba huo niliyasahihisha mimi. Naanza na hilo ili asije mtu akasema Dafrosa anasimulia makosa ya wenzake huku ya kwake ameyafungia kabatini.

Nina steshenari hapa Shanwe, mjini Mpanda, jirani na fundi pikipiki. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi, kadi za michango na ratiba za mazishi. Ratiba za mazishi ndizo nyingi. Harusi watu huisogeza mpaka mavuno, lakini msiba hauna subira. Mtu anaingia macho yamemvimba, mkononi ana karatasi iliyoandikwa kwa penseli, anataka historia ya marehemu, picha katikati, nakala mia mbili, kabla ya saa sita mchana. Nina ulimi mkali na wateja wangu wanaujua, ila kwa wafiwa najizuia.

Osward alikuja kwangu miaka minane iliyopita, kijana wa miaka ishirini na tatu kutoka Mamba, kule Mpimbwe, amemaliza chuo cha kompyuta na hana pa kuweka mashine yake. Nikampa meza ya nyuma kwa makubaliano kwamba asubuhi atanisaidia wateja na mchana atafanya yake. Ni mtu mrefu, mpole, shingo imetangulia mbele kwa kuinamia skrini. Akitaka kusema jambo la kuchekesha huanza kucheka kabla hajalisema, mpaka na wewe unacheka bila kujua unachekea nini.

Yake yalikuwa kutengeneza templeti za tovuti. Nieleze kwa wasiojua, maana hata mimi ilinichukua mwaka kuelewa. Templeti ni tovuti iliyokwisha kupangwa rangi, maandishi na mahali pa picha, ila haina mwenyewe. Mwenye hoteli anainunua, anaweka jina la hoteli yake, kazi imekwisha. Kuna soko mtandaoni, wenyewe wako ng'ambo, ambapo fundi yeyote duniani anaweza kuuza templeti zake. Lakini huingii tu kama mtu anayetandika mitumba gulioni. Kuna wakaguzi. Unapeleka kazi, unakaa foleni wiki tatu au nne, kisha inakuja barua.

Barua za Osward zilikuwa za sentensi mbili. Kazi yako haifikii viwango vyetu. Tafadhali usiitume tena. Hazina jina la mtu wala sababu. Alipeleka ya mgahawa, wakakataa. Akapeleka ya hoteli za watalii, ya wanaofanya mazoezi, ya kanisa, ya duka la simu, ya shule, ya wakili. Zote zikarudi. Kila barua aliichapa kwa printa yangu na kuitia kwenye faili, na kila nilipomuuliza anazihifadhi za nini alisema siku moja zitakuwa historia. Nilikuwa nikikasirika kwa niaba yake. Nilitaka kuwajua hao wakaguzi, niwaulize kama wao walizaliwa wanajua.

Barua ya saba ilikuwa ndefu kidogo. Ilisema akikataliwa mara moja tena, akaunti yake itafungwa na hataruhusiwa kufungua nyingine. Chini, kwa mara ya kwanza, mkaguzi fulani alikuwa ameongeza sentensi ya kwake: kazi zako ni safi, lakini hazionyeshi kwamba unayajua maisha ya watu watakaozitumia.

Osward aliisoma sentensi hiyo wiki nzima. Watu wanadhani alikuwa anafukuza hela, na wanakosea. Alikuwa anakula, anavaa, kodi ya chumba analipa. Alichotaka ni mtu asiyemjua, asiye ndugu yake, asiyemhurumia, aangalie kitu alichokitengeneza na kusema, hiki kimekubalika. Alikitaka kitu hicho kiasi cha kunitia hofu. Nilikuwa namwona anavyokodolea skrini, nami namuombea kimoyomoyo wakubali, yaishe.

Siku moja nachapa historia ya marehemu wa Magamba, printa imekwama, hasira zimenipanda. Osward akauliza kutoka nyuma, "Mama Happiness, hivi sisi tunajua nini kuliko hao watu wa ng'ambo?"

"Kuzika," nikamjibu, bila hata kugeuka.

Akaanza kucheka. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa. Nilipogeuka nikamkuta amesimama, mkono uko kinywani, nikajua nimesema jambo.

Templeti ya nane ikawa ya msiba. Nakiri ilikuwa nzuri. Kulikuwa na picha ya marehemu, historia yake, ratiba ya ibada, ramani ya kufika nyumbani kwa wafiwa, ukurasa wa watu wa mbali kuandika rambirambi, orodha ya nani analeta maji, nani anakopesha maturubai. Kulikuwa na kitufe cha kugeuza Kiswahili kuwa Kiingereza. Na juu kabisa, kwa tarakimu kubwa nyeupe, kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: siku, saa, dakika na sekunde zilizobaki kabla ya mazishi. Hiyo aliiweka kwa ajili ya ndugu wanaosafiri, wajue kama watawahi.

Sasa soko lile linataka demo, yaani templeti iliyojazwa mfano, mkaguzi aione inavyofanya kazi. Mfano lazima ufanane na kweli. Alihitaji marehemu.

Hapa lazima nizungumzie utani, maana bila huo hakuna ambacho kingetokea. Kwa watu wa Osward, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani wa kuzikana. Hawataniani kwa adabu. Wanatukanana mbele ya wakwe, wananyang'anyana kuku, wanazushiana vifo. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, ili wanaolia wapate kupumua. Kumwambia mtani wako kwamba utamzika mwaka huu ni kama kumuuliza habari za asubuhi.

Mtani wa Osward alikuwa Kalisti, mtoto wa shangazi yake, mkulima wa mpunga Mamba. Mfupi, mpana, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Mwezi wa nne alikuja Mpanda kupiga picha ya kitambulisho cha kikundi chao cha umwagiliaji, nikampiga na kumvalisha suti. Kila steshenari ina suti yake ndani ya kompyuta. Yangu ni nyeusi na tai ya damu ya mzee, na nusu ya wanaume wa mji huu wameshaivaa. Osward alipoiona picha ile akaanza kucheka kule nyuma.

"Mtani, njoo ujione," akamwita.

Kalisti akainama kwenye skrini. "Nikoje humu?"

"Umekufa."

"Nimekufa na nini?"

"Uvivu."

Kalisti alicheka mpaka akashika meza. Akataka asomewe historia yake, akaongeza mwenyewe kwamba marehemu alikuwa hodari wa kulala kivulini wenzake wakipalilia. "Na unanizika lini, mchawi wewe?"

"Inatakiwa tarehe ya mbele. Saa ikifika sifuri mkaguzi ataona imeharibika, na sijui ataifungua lini." Osward akaangalia kalenda ya ukutani. "Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni."

"Hapo sawa. Mpunga utakuwa umeshaingia ndani. Nife nimeshiba."

Soko linataka pia barua ya idhini ya mwenye picha. Kalisti akasaini pale pale kwenye kaunta, mimi nikasaini kama shahidi. Jioni nikapitia Kiswahili. Nilimwambia Osward aondoe maneno "ameacha mjane mwenye furaha", kwa sababu Jeniffer, mke wa Kalisti, asingeyapenda. Nikarekebisha koma mbili. Jina sikumwambia aondoe, wala tarehe.

Wiki ya pili ya Mei barua ikaja. Osward aliisoma, akatoka nje, akachota maji kwenye ndoo ya fundi pikipiki na kunawa uso. Aliporudi nikaisoma mwenyewe. Hongera, kazi yako imekubaliwa. Nikapiga vigelegele hadi wateja wa jirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Nikanunua soda za watu wote.

Chini ya barua kulikuwa na sharti. Kwa siku tisini demo ibaki ilivyokaguliwa. Ikiguswa, hata neno moja, kazi inarudi foleni kama mpya, na ikikataliwa huko, ile habari ya akaunti kufungwa iko palepale.

"Sasa nani aiguse?" Osward akasema. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Mchana ule niliifungua demo kwenye mashine yangu, niione sasa iko sokoni. Kalisti alikuwa ananitazama ndani ya suti yangu. Juu yake tarakimu zilikuwa zinatembea. Siku thelathini na mbili, saa ishirini, dakika arobaini, na sekunde zikipungua moja moja bila kupumzika. Nilijisikia vibaya nikaifunga. Nikajiambia nina njaa.

Osward, kwa kiburi chake kizuri, akaiweka kwenye status ya simu yake. Mafundi wenzake wa Dar na Arusha wakampongeza. Mtu wa Ghana akanunua nakala, kisha mwingine wa Zambia. Lakini status haichagui macho. Watu wa Mamba walipoifungua hawakuona templeti. Waliona Kalisti amevaa suti, msalaba pembeni, historia yake, tarehe ya kuzikwa ambayo mwezi wake hakuna aliyeuangalia. Mmoja akaitupa kwenye kundi la jumuiya ya kanisa: Kalisti wetu katutoka? Kabla ya jioni ilikuwa imefika Usevya na Kibaoni.

Siku iliyofuata wanawake wa jumuiya walikwenda kwa Hilaria, mama yake Kalisti, na kuni kichwani na unga kwenye beseni. Bibi wa watu alitoka jikoni akakuta mikeka imetandikwa uani kwake na watu wanalia. Mwanawe alikuwa shambani, simu haishiki. Mpaka alipoletwa, saa nzima ilikuwa imepita, na saa nzima mama yule alikuwa mfiwa.

Alikuja Mpanda mwenyewe, Jumatatu ya tarehe ishirini na sita Mei. Mwembamba, kitenge amekifunga vizuri, rozari shingoni. Osward alisimama, akapiga magoti kidogo kumwamkia. "Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Alikaa kwenye benchi la wateja. "Nifungulie nimwone."

Osward akafungua. Hilaria hajasoma sana, lakini tarakimu anazijua. Alikaa akizitazama zinavyopungua, midomo inacheza, anahesabu nazo.

"Mwanangu, mtoe humo."

"Shangazi, ni utani tu. Kalisti mwenyewe alikubali, hata saini yake hii hapa."

"Utani naujua kabla hujazaliwa. Baba yako na binamu zake walizikana mara mia. Lakini walisema kwa mdomo, ukishasemwa umeondoka. Huu wako umeandikwa, una tarehe, na unahesabu. Nani amekufundisha utani unaohesabu?"

Osward alimweleza. Alimweleza vizuri, simlaumu kwa hilo: barua saba, barua ya nane, siku tisini, kwamba akimtoa Kalisti leo kazi inarudi foleni na mlango unaweza kufungwa asiingie tena maishani mwake. "Zimebaki siku kumi na tisa, shangazi. Tarehe kumi na nne ikipita atakuwa mzima, watu watacheka. Siku tisini zikiisha nabadilisha kila kitu. Naapa."

"Kwa hiyo mlango wako na mwanangu, umepima."

"Shangazi, siyo hivyo."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mama, mwenye duka. Unaona sawa?"

Mimi, Dafrosa, ninayegombana na afisa wa leseni, na mwenye nyumba, na padri akikosea tarehe ya ndoa, nilitazama printa. Nikasema, "Ni kazi tu, mama."

Aliondoka bila kunywa maji tuliyompa. Kutwa nzima Osward hakufungua demo.

Kalisti mwenyewe aliyachukulia kwa kicheko. Alipiga simu, sauti inajaa duka. "Nyie watu wa mjini mmeniua, sasa hivi napita njiani watoto wananikimbia! Lakini nitakulipa, mtani. Siku moja utalia mpaka kamasi."

Na alilipa. Tarehe mbili Juni, asubuhi, Jeniffer alimpigia Osward analia, anasema Kalisti amekanyagwa na kiboko mtoni, anavuja damu. Osward alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza. Alikwenda kwa Zefania, jirani yetu anayeendesha Noah ya abiria kati ya Mpanda na Majimoto, akamkamata karibu na stendi, akamfanya ashushe abiria. Walipokuwa wanatafuta mafuta simu ikalia tena. Kalisti anacheka huko, anapiga mbinja, anasema waombolezaji waje na nyama. Zefania alitukana ukoo mzima. Osward alirudi dukani anachechemea, anacheka, akainama kutafuta kiatu chake. "Huyu mjinga kaniweza," akasema. Nilicheka nami, na moyoni nikafarijika. Nilidhani sasa wamelipana, mambo yamekwisha.

Jumatatu iliyofuata, tarehe tisa, saa tatu asubuhi, simu ililia. Jina la Jeniffer. Osward alinikonyeza na kuiweka spika.

"Shemeji, Kalisti kaumwa na nyoka. Alikuwa anabeba miganda ya mpunga. Mguu umevimba mpaka juu ya goti. Zahanati wanasema dawa hawana, aletwe Mpanda sasa hivi. Zefania yuko Majimoto saa hizi, anapakia, namba yake sina. Mwambie apitie huku Mamba kabla hajaondoka."

Osward alishaanza kucheka. "Nyoka tena? Kiboko amemaliza zamu?"

"Shemeji, naomba."

"Mwambie mtani avumilie. Zimebaki siku tano. Akifa leo ataniharibia ratiba."

Nilicheka. Sitaki kulipunguza hili. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga, na najua kicheko changu kilifika kule Mamba kupitia ile spika.

"Osward, huu siyo utani," Jeniffer akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Hata ule wa kiboko haukuwa utani," Osward akamjibu, akakata.

Simu ikalia tena. Mteja alikuwa amekaa kwenye kiti cha picha, kidevu juu, anasubiri. Osward akaiweka kimya. Ikawaka mara ya tatu, na ya nne, ikitambaa juu ya meza. Kisha ikaacha.

Saa saba Zefania alisimamisha Noah mbele ya duka anunue vocha. Nilimuuliza habari za Majimoto kwa mazoea tu. Akasema leo abiria wachache, ametoka saa nne na viti viwili vitupu. Akaongeza, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba wakati anapakia alisikia kuna mtu wa Mamba ameumwa na nyoka, akafikiri wenyewe wameshapata usafiri, maana hakuna aliyempigia.

Nilimtazama Osward. Alikuwa tayari ameshika simu. Ilipokelewa. Tulisikia watu wengi kwa mbali, na mwanamke mmoja karibu na simu, anapumua.

Baadaye tuliambiwa walikuwa wamempakia Kalisti kwenye pikipiki, amebanwa katikati, dereva mbele na kaka yake Jeniffer nyuma. Wamepita Kibaoni, wameingia njia ya mbugani. Alikata roho kabla ya Sitalike.

Osward alikaa kwenye mashine, akaingia sokoni, akaifuta templeti nzima. Haikumchukua dakika. Sikuwahi kujua kuwa ni jambo la dakika moja. Soko lilihesabu kufuta ni sawa na kukataliwa; barua ya kufungiwa akaunti ilikuja wiki ile na hakuichapa.

Tulimzika Kalisti Mamba, Jumatano. Nilikwenda, nilifunga duka siku mbili. Kaburi lilikuwa tayari, jeneza liko pembeni, na watu wakawa wanasubiri, maana mtani yupo. Wazee walikuwa wanamwangalia Osward. Kwa desturi yao hapo ndipo anapotakiwa aingie kaburini, alale, atukane, adai kuku, awachekeshe. Alisimama mikono imening'inia. Katekista akakohoa. Mwishoni mzee mmoja akasema tuendelee, na kwa mara ya kwanza kwenye ukoo ule, nilivyoambiwa, mtu akazikwa bila kutaniwa. Hilaria hakumwangalia Osward hata mara moja.

Yapo maneno Mamba kwamba maandishi ndiyo yaliyomuua Kalisti, kwamba ukimwandikia mtu tarehe umemwita. Mimi hayo siyataki. Nyoka ndiye aliyemuuma, na nyoka hajui kusoma. Wala tarehe haikutimia, zilikuwa zimebaki siku tano. Wanaosema uchawi wanamrahisishia Osward, na wananirahisishia mimi. Kilichotokea hakina uchawi wowote. Mtu aliomba gari, tukamcheka.

Osward bado yuko meza ya nyuma. Anatoa kopi, anapiga picha, anavalisha watu suti. Ratiba za mazishi zote nachapa mimi, hatukukubaliana, ilitokea tu. Templeti hatengenezi tena. Mafundi wenzake wa Dar wanamtumia ujumbe, afungue akaunti kwa jina la mtu mwingine, ana kipaji, asikate tamaa. Anawashukuru.

Lipo jambo moja ambalo yeye halijui. Siku ya mazishi, tulipokuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba, Jeniffer alichuchumaa karibu yangu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwenye simu, nikasema ndiyo. Akaendelea kusugua sufuria.

"Nilitaka nimpigie mwalimu, ana gari," akasema. "Hata katekista angenitafutia mtu. Kalisti akanikataza. Akasema, mpigie Osward, usipoteze salio kwa wengine. Yule atacheka kwanza, lakini atakuja. Kila nilipotaka kupiga kwingine akanishika mkono. Ngoja, anakuja."

Mimi ninayesema kila kitu hili nimelinyamazia. Mita mbili ziko kati ya meza yangu na yake. Kila asubuhi Osward anaingia, anasema shikamoo Mama Happiness, naitikia marahaba, anawasha mashine, nami nafungua kinywa na kumuuliza kama karatasi zipo.